Msiba Unapotafuta Jina

Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, magharibi mwa Kenya, wazee 11 waliuawa kwa moto, wanawake 8 na wanaume 3. Kundi la vijana lilipita nyumba kwa nyumba, likawatoa, likawaua mmoja baada ya mwingine, kisha likachoma na nyumba zao. BBC ilipofika na kuuliza ushahidi uko wapi, wanakijiji walitaja daftari. Lilikuwa daftari la shule, lililosemekana kupatikana katika shule ya msingi ya hapo jirani, na ndani yake, walisema, mlikuwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi: nani ambaye zamu yake ya kurogwa imefika.

Daftari hilo halijanitoka akilini. Katika nchi ambako kila chama cha akina mama, kila kamati ya maji na kila bodi ya shule ina katibu wake, uovu nao ulikuwa umepewa katibu. Haikutosha watu kuambiwa kwamba mabaya yapo. Walitaka yawe na kikao, na wajumbe, na maazimio. Aliyeandika kurasa zile simjui. Kinachonisumbua ni jinsi zilivyoaminika upesi, tena na watu waliokwenda shule, katika eneo ambalo huwezi kupanda mlima na kuteremka bila kupita kanisa. Daftari lilijibu swali ambalo mahubiri ya miaka mingi yalikuwa yamelizunguka tu.

Swali lenyewe ni la kale. Laktansio, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini aliyeishi kati ya karne ya 3 na ya 4, alilihifadhi akisema ni la Epikuro, mwanafalsafa Mgiriki. Ikiwa Mungu anataka kuyaondoa mabaya na hawezi, uweza wake una mpaka. Ikiwa anaweza na hataki, wema wake una walakini. Ikiwa anaweza na anataka, mabaya haya tunayoyaona yametoka wapi? Wanafunzi wa chuo hulijadili swali hili kwa muhula mmoja na kulifanyia mtihani. Kisii, na katika kaunti jirani ya Nyamira, swali hilo huulizwa chini ya hema la matanga, na wanaouliza hawana muhula. Wana siku tatu nne za kulala nje kabla ya mwili kutoka mochari.

Wazee wa Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, walikuwa na namna yao ya kulibeba. Engoro aliumba, akakaa mbali, na hakushtakiwa. Maradhi na vifo vilikuwa na milango mingi ya kuingilia. Huenda ni ebirecha, roho za waliotangulia, wamesahauliwa na wanadai. Huenda ni emuma, kiapo kilichoapwa kwa uongo na sasa kinarudi. Huenda ni amasangia, balaa linalofuata uzinzi wa mke wa nyumba. Na huenda ni omorogi, mchawi. Mtu alikwenda kwa omoragori, mpiga ramli, akaelezwa ni mlango upi, na mara nyingi malipo yalikuwa mbuzi. Damu ilimwagika, nyama ikaliwa, ukoo ukakaa pamoja, na msiba ukapata pa kupumzika pasipo mtu kuuawa. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alionyesha kwamba jamii nyingi za bara hili hazikumhesabu Mungu kuwa chanzo cha uovu. Uovu ulikuja kwa roho au kwa watu. Sisemi zama zile zilikuwa za amani. Hofu ya abarogi ni ya zamani sana Gusii, nchi ya Abagusii, na Robert na Barbara LeVine, walioishi na jamii waliyoiita Nyansongo kati ya 1955 na 1957, waliikuta imejaa kila boma. Lakini omorogi alikuwa mlango mmoja kati ya kadhaa.

Kisha zikaja misheni. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, Waadventista Nyanchwa mwaka 1912. Walileta shule, hospitali, na Mungu aliye karibu, anayehesabu nywele za kichwa. Milango ile mingine wakaifunga: ebirecha waliitwa mashetani, mbuzi wa kafara akakatazwa, omoragori akawa mtu wa kuendewa usiku kwa siri. Mlango wa omorogi ndio uliobaki wazi, tena Biblia yenyewe ilionekana kuushikilia usifungwe, kwa kuwa inawataja wachawi. Hapo ndipo naiona hatari ilipozaliwa. Msiba uliokuwa na njia nyingi za kupita ukasukumwa kwenye njia moja, na mwisho wa njia hiyo pamesimama jirani.

Nawaheshimu Waadventista kwa jambo moja: hawakulikwepa swali. Imani yao ina fundisho zima linaloitwa pambano kuu kati ya Kristo na Shetani. Kwa fundisho hilo, mbinguni lilitolewa shtaka dhidi ya tabia ya Mungu, na historia yote ya dunia ni kama kesi inayosikilizwa mbele ya viumbe wa ulimwengu mzima. Mungu haukomeshi uovu leo kwa sababu akiukomesha kabla ushahidi haujakamilika, wasiwasi utabaki milele. Ni wazo lenye upana, na linakaribiana kuliko watu wanavyodhani na hoja ya Alvin Plantinga, mwanafalsafa wa Marekani, ambaye mwaka 1974 alitetea kwamba Mungu hawezi kuumba viumbe huru kisha akahakikisha kwamba hawatakosa. Na kuhusu tetemeko na tauni, ambazo hakuna binadamu anayezichagua, Plantinga alisema inawezekana zikawa kazi ya roho huru zilizoasi. Profesa huyo na mzee wa kanisa wa Nyamira wangekaa benchi moja na kuelewana.

Lakini hebu lifuate fundisho hilo likishuka kutoka mimbarini hadi jikoni. Shetani yuko vitani. Mtu aliye vitani ana askari. Askari wake wanaishi wapi? Hakuna mchungaji ninayemjua aliyefundisha kwamba wanaishi kwa yule ajuza mjane aliye ng'ambo ya mto, wala kanisa halikuwatuma vijana wa 2008. Hata hivyo, fundisho linaloacha nafasi tupu kati ya Shetani na jeneza lazima lijue kwamba nafasi hiyo haitakaa tupu. Mtu ataijaza.

Wanafalsafa nao wana nafasi tupu zao. Agostino, mwana wa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria, alisema uovu hauna nafsi yake. Ni upungufu wa wema, kama upofu ulivyo ukosefu wa kuona. Hoja hiyo inamlinda Muumba asihesabiwe kuwa ameumba kitu kibaya, na sina ugomvi nayo kama hoja. Ila siwezi kuisema mbele ya mwanamume aliyekuta mama yake amekuwa majivu. Leibniz, aliyeandika utetezi wake wa Mungu mwaka 1710, alisema huu ndio ulimwengu bora kuliko wote ambao ungewezekana. Napita haraka hapo. John Hick, mwaka 1966, alifufua wazo la Ireneo kwamba dunia ni mahali pa kukomazia nafsi, ambapo mateso hutufanya watu kamili. Wazo hili linapendwa sana matangani, ingawa wanaolisema hawajamsikia Hick: Mungu anatujaribu, Mungu anatufunza. Nami nauliza nafsi ya nani ilikuwa inakomazwa usiku ule. Ya bibi wa miaka 80, ambaye hakuwa na kesho ya kutumia ukomavu wake? Ya wajukuu waliotazama? Ikiwa maumivu ya mmoja ni somo la mwingine, basi mmoja amefanywa kuwa chombo, na hilo ndilo hasa walilolifanya wale vijana.

Mwaka 1979 William Rowe aliwapa wenzake mfano ambao umejadiliwa tangu hapo: mtoto wa paa ameungua katika moto wa msituni, amelala siku kadhaa akiteseka, kisha akafa, na hakuna aliyemwona. Hakuna funzo, hakuna aliyekosea, hakuna wema mkubwa tunaoweza kuuona ukitoka humo. Rowe alichagua moto usio na shahidi ili kuizima hoja ya kwamba mateso hufunza. Moto wa Kisii ulikuwa na mashahidi wengi, na wao ndio walioubeba.

Katika yote hayo kuna kitu kinachoyaunganisha majibu ya wasomi na jibu la daftari. Yote hujaribu kumtoa Mungu kizimbani. Agostino humtoa kwa kusema uovu si kitu. Leibniz humtoa kwa hesabu. Mhubiri humtoa kwa Shetani. Daftari nalo lilimtoa, kwa orodha ya majina. Kipimo changu kwa kila jibu kimekuwa kimoja tangu nilipoanza kuyatazama hivi: ukishamtoa Mungu kizimbani, unamweka nani mahali pake?

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliandika mwaka 1937 kuhusu Wazande, ambao leo wako Sudan Kusini na nchi za jirani. Ghala la nafaka huanguka na kuwaua watu waliokuwa wamejipumzisha chini yake. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Anajua pia kwamba watu walikaa pale kukimbia jua. Anachouliza ni kwa nini nguzo zilivunjika saa ileile ambayo watu hawa walikuwa chini. Hapo ndipo anataja uchawi. Wasomi wengi wamelisoma hilo kama kosa la kufikiri. Mimi naliona kuwa swali halali kabisa. Mama aliyefiwa hahitaji kuambiwa jinsi moyo unavyosimama. Anataka kujua kwa nini moyo wa mwanawe, na kwa nini wiki ya mtihani. Sayansi haina jibu la swali hilo. Kanisa lina jibu lakini ni la mbali. Mnong'ono una jibu lililo hatua mia mbili kutoka mlangoni, na lina jina la mtu.

Mtu ambaye hajaishi milimani huku hajui jinsi kifo kilivyokuwa kikija ghafla katika miaka ya 1990. Kisii na Nyamira ziko juu, zina baridi, na kwa muda mrefu malaria ilijulikana kuwa ugonjwa wa watu wa ziwani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ilianza kupanda milima ya magharibi mwa Kenya kwa milipuko. Mwaka 1999 iliikumba Kisii vibaya, na 2002 ikarudi. Mahali ambapo malaria haikai mwaka mzima, mwili haujajifunza kuihimili. Kwa hiyo haichukui watoto wachanga peke yao, inachukua kijana wa kidato cha tatu na baba mwenye nguvu za kubeba magunia ya chai. Ikipanda kichwani, mgonjwa hutetemeka, huzungumza maneno yasiyoeleweka, au ulimi hufunga kabisa. Jumatatu yuko shambani, Alhamisi amekufa. Ongeza Ukimwi, ambao miaka ileile ulikuwa ukimaliza wazazi vijana na hakuna aliyetaka kuutaja. Katika muongo huohuo, kati ya 1992 na 1994, Gusii ilipitia wimbi kubwa la kuchoma watu kwa tuhuma za uchawi. Justus Ogembo, mwana wa huko, aliliandikia kitabu kilichotoka 2006. Sidai kwamba mbu ndiye aliyewasha viberiti, wala milipuko ninayoitaja haikuanguka mwaka mmoja na mauaji hayo. Nasema tu kwamba watu walikuwa wakizika kwa kasi isiyoelezeka, na jambo lisiloelezwa halivumiliki kwa muda mrefu.

Upande wa Tanzania kuna ushahidi ulio wazi zaidi. Edward Miguel, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza wilaya ya Meatu huko Usukumani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Katika miaka ya mvua isiyo ya kawaida, iwe ni ukame au gharika, mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi waliuawa na jamaa zao. Mvua inakosekana, ajuza anakufa. Mabaya ya asili yamegeuzwa kuwa mabaya ya mtu, na waliofanya hivyo wanaamini wametenda haki.

Kwa nini ajuza? Philip Mayer, aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940, alieleza katika mhadhara wa 1954 kwamba mchawi huonekana kuwa msaliti aliye ndani ya boma, adui anayekula nanyi. Sasa tazama ndoa za Abagusii. Mtu haoi ndani ya ukoo wake. Kuna msemo wa zamani kwamba tunaooana nao ndio tunaopigana nao. Msichana huja kutoka kwa watu wengine, huzaa, hulima, huzika mume, na miaka 60 baadaye, wajukuu wake wakiwa wamejaa mlima mzima, bado kuna anayekumbuka kwamba alitoka ng'ambo. Anaishi peke yake. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za maisha yote. Pengine ugonjwa wa kusahau umeanza, anatoka usiku hajui anakwenda wapi, nguo hazijakaa vizuri, na asubuhi inasemwa kwamba ameonekana akikimbia usiku. Tena ana kipande cha shamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Kisii na 675 Nyamira. Ukitoka barabara ya Keroka utaona migomba, chai, kaburi na ukuta wa jirani vimegusana. Kesi ya ardhi huchukua miaka na pesa. Uvumi haulipiwi ada.

Oktoba 2021 wanawake 4 waliuawa Nyagonyi, Marani, baada ya mwanafunzi wa sekondari kupatikana akiwa hawezi kusema na watu kudai amerogwa. Picha zilisambaa kwenye simu. Polisi walikamata vijana kadhaa. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1925, bado ipo, na inamwadhibu anayejifanya mchawi na pia anayemtuhumu mwenzake uchawi. Haijawahi kumwokoa bibi yeyote usiku wa manane. Kutofunguka kwa ulimi wa kijana yule kuna sababu nyingi ambazo daktari angeanza kuziuliza: kifafa, homa, pigo la kichwa, dawa, hofu. Mimi si daktari wake na sitachagua moja. Ninachojua ni kwamba swali la daktari lilihitaji siku kadhaa, na swali la umati lilihitaji saa chache.

Ulaya, ambayo tunaambiwa iliyashinda mambo haya kwa elimu, iliua makumi ya maelfu ya watu kwa tuhuma hiyohiyo kati ya karne ya 15 na ya 18. Kinachonivutia ni siku moja katika safari yao ya kutoka huko. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliangusha Lisbon, mji mkuu wa Ureno, makanisa yakiwa yamejaa. Voltaire alilikumbuka tetemeko hilo alipoandika Candide, kitabu kilichotoka 1759, kuupinga ulimwengu bora wa Leibniz. Lakini mbali na waandishi, watu wawili ndani ya Ureno walijibu kila mmoja kwa namna yake. Padri Gabriel Malagrida alihubiri kwamba ni dhambi za watu wa Lisbon, watubu kwanza. Waziri Pombal naye alituma karatasi ya maswali kwa kila parokia ya nchi: lilianza saa ngapi, lilidumu muda gani, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, visima vilifanyaje, wamekufa wangapi. Pombal hakuwa mtu mwema. Mwaka 1761 Malagrida, mzee wa zaidi ya miaka 70, alinyongwa na mwili wake ukachomwa, na mkono wa waziri ulikuwa humo. Kwa hiyo hata mwenye kuuliza vizuri anaweza kuua. Ila maswali yale yamebaki, na wanajiolojia wanayasoma mpaka leo.

Nayaweka makaratasi hayo mawili mezani. Daftari la Kisii limejaa majina na halina swali hata moja. Fomu ya Lisbon imejaa maswali na haina jina la mtuhumiwa. Na kuna karatasi ya tatu, ya hapa Nyanza. Kwa miaka mingi KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, imekuwa ikiwatuma watu vijijini Siaya kuhojiana na familia zilizofiwa. Mhojaji hukaa na aliyemuuguza marehemu, anauliza homa ilianza lini, alitapika, alipumua kwa shida, shingo ilikakamaa, alikuwa na uvimbe, alipelekwa wapi na baada ya muda gani. Majibu hupitiwa ili kukadiria kilichomuua. Mahojiano hayo hayamjibu Epikuro. Kwa mtu aliyemuuguza mama yake, hata hivyo, huenda ni mara ya kwanza anaombwa na mtu mwenye kalamu aeleze alichokiona badala ya anayemshuku.

Hapa ndipo ninaporudi kwa Ayubu, kitabu kinachosomwa sana Gusii na kuhubiriwa, kwa maoni yangu, kutoka upande usio wake. Huhubiriwa uvumilivu wa sura mbili za kwanza na mali iliyorudishwa mwishoni. Sura karibu 40 za katikati, ambamo Ayubu anamfokea Mungu, zinarukwa. Soma Elifazi katika sura ya 22. Rafiki huyu alikuja kumfariji. Hana shahidi wala malalamiko ya mtu yeyote. Ana msiba wa mwenzake tu mbele ya macho yake, na kutokana na msiba huo anaunda makosa: ulichukua rehani za ndugu zako, uliwanyima maji wenye kiu, uliwafukuza wajane mikono mitupu. Hakuna lililotokea kati ya hayo. Ametengeneza daftari. Amefanya hivyo kwa nia njema, ili Mungu aonekane mwenye haki. Na mwisho wa kitabu Mungu hamkasirikii Ayubu aliyepiga kelele. Anawakasirikia marafiki waliomtetea.

Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa juu ya uovu. Shtaka la Ayubu lilipelekwa juu. Hakumtafuta jirani wa kulibebea, ingawa Waseba na Wakaldayo walikuwa wamempora kweli na angeweza kutaja majina. Alimtaka Mungu mwenyewe ajibu, na hakujibiwa alichouliza, na bado akahesabiwa kuwa amesema sawa. Zamani wanawake wa Gusii walijua kulia hivyo. Kilio cha mazishi kilikuwa na maswali ndani yake, kikimwelekea marehemu na waliokwenda kabla yake. Siku hizi kwaya imechukua nafasi ya kilio, vipaza sauti viko juu, ratiba ina dakika, na mwanamke anayepaza sauti kumuuliza Mungu anashikwa bega na kuambiwa anyamaze, asikufuru. Ananyamaza. Swali halinyamazi, linahamia nyuma ya jiko.

Kaa siku moja nyuma ya jiko hilo. Sufuria la matoke liko kwenye mafiga, mtu anachambua chinsaga, wanaume wawili wanapasua kuni. Mbele, kwenye hema, msomaji anasoma wasifu wa marehemu uliochapwa kwa rangi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nimeyasoma maneno hayo ya mwisho katika wasifu mwingi kiasi kwamba mkono unaweza kuyaandika wenyewe. Kuugua kwa muda mfupi ugonjwa gani? Hapo nyuma anayechambua mboga anasema, si alikuwa mzima Jumapili? Mwingine anaitikia. Mwingine anakumbuka ugomvi wa mpaka. Hakuna aliyetaja jina bado. Mchungaji atasimama dakika chache zijazo kuhubiri juu ya pambano kati ya nuru na giza, naye hajui kwamba mahubiri yake yana tafsiri nyingine inayoendelea hatua 20 kutoka alipo.

Mimi ningemtaka mchungaji huyo, kabla hajafungua Biblia, asome sababu ya kifo kama ilivyo kwenye cheti cha hospitali, kwa lugha ambayo bibi wa mstari wa mwisho anaielewa. Ni damu ilipanda, mshipa ukapasuka kichwani. Ni malaria. Ni saratani ya koo, iligunduliwa imechelewa. Na kama hospitali haikujua, aseme hospitali haikujua. Kisha aongeze waziwazi kwamba hakuna mtu wa kijiji hiki aliyemuua. Nimelisema wazo hili kwa wazee wa kanisa, nao wamenipa pingamizi ambalo silichukulii kirahisi: familia zina aibu zake. Kuna magonjwa ambayo mjane atahesabiwa nayo, watoto watatajwa nayo shuleni, mchumba atavunja ahadi. Kumtangaza marehemu kunaweza kumuumiza aliye hai. Ni kweli. Ila aibu hiyo ina mtu wa kuibeba ambaye alimpenda marehemu na ambaye ndugu zake wako pale kumshika mkono. Ukimya unabebwa na bibi wa ng'ambo ya mto, ambaye siku hiyo hakuja matangani kwa sababu miguu haimruhusu, na ambaye kutokuja kwake tayari kumeonekana.